Palm Springs Aerial Tramway

Palm Springs Aerial Tramway ni njia ya magari ya kebo karibu na mji wa Palm Springs, jimbo la California, nchini Marekani. Huwapandisha abiria kutoka jangwani hadi kwenye msitu wa Mlima San Jacinto kwa muda wa dakika 10 hivi.

Kituo cha chini kipo kwenye kimo cha mita 806 juu ya usawa wa bahari, cha juu mita 2,596. Chini kuna mawe makavu na dungusi kakati. Juu kuna misonobari, na majira ya baridi theluji hufunika ardhi. Aliyepanda na shati jepesi atatetemeka, kwa hiyo koti ni lazima hata kama mjini jua ni kali.

Magari ni mawili, yameunganishwa kwa kebo ya kuvuta: moja likipanda jingine hushuka, na uzito wake husaidia kuliinua la kwanza. Tangu mwaka 2000 sakafu za magari huzunguka polepole, hivyo hakuna haja ya kugombea dirisha.

Wazo lilitoka kwa mhandisi wa umeme Francis Crocker mwaka 1935, lakini gavana alikataa muswada wake mara mbili, na vita vikachelewesha mambo zaidi. Njia ilifunguliwa Septemba 1963. Kati ya minara 5, ni mmoja tu unaofikika kwa barabara. Vifaa vya minara 4 mingine vilipelekwa kwa helikopta. Ndiyo maana mteremko ule mkali haukuchongwa barabara, na hadi leo hakuna gari la kawaida linalofika kituo cha juu. Kutoka hapo wapandaji huendelea kwa miguu hadi kileleni, mita 3,302.