Bukini: Waliotangulia na Falme Zao

Bukini, ndiyo Madagaska ya leo, iko mkabala wa Msumbiji, lakini lugha ya wenyeji wake asili yake ni ng'ambo ya mbali. Ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan, kinachosemwa kusini mashariki mwa Borneo. Mababu waliokuja na lugha hiyo walivuka Bahari ya Hindi katika milenia ya kwanza, wakaja na mpunga. Waliotoka bara la Afrika walikuja na ng'ombe. Wakaoana, wakawa watu wamoja.

Kaskazini magharibi ulistawi mji wa Mahilaka, wenye ukuta wa mawe, tangu karne ya 10 hivi hadi ya 15. Vyombo vya jiwe laini vilivyochongwa kaskazini mwa kisiwa vilisafirishwa hadi Kilwa. Kusini mashariki, Waantaimoro waliiandika lugha yao kwa hati za Kiarabu.

Dola kubwa zilikuja baadaye. Katika karne ya 17 Andriandahifotsy wa Wasakalava aliimarisha Menabe, upande wa magharibi. Mwanawe, Andriamandisoarivo, akaanzisha Boina kaskazini yake. Nguvu yao ilikuwa bandari: walitoa ng'ombe na watumwa, wakapokea bunduki. Upande wa mashariki, mwanzoni mwa karne ya 18, Ratsimilaho, mtoto wa haramia Mwingereza na mama Mmalagasi, aliwaunganisha Wabetsimisaraka. Alipofariki, umoja ule ukalegea.

Huko nyanda za juu hakukuwa na bandari. Wamerina walikausha vinamasi, wakajenga matuta, wakalima mpunga. Andrianjaka aliteka kilima cha Analamanga mwanzoni mwa karne ya 17, ndipo ilipo Antananarivo. Andriamasinavalona akaugawa ufalme kwa wanawe wanne, na vita vya ndugu vikafuata. Andrianampoinimerina, aliyetwaa Ambohimanga mwaka 1787, ndiye aliyeurudisha pamoja.

Mwanawe, Radama wa Kwanza, alitia saini mkataba na Waingereza mwaka 1817: akakubali kukomesha uuzaji wa watumwa nje, akapewa silaha na wakufunzi wa kijeshi. Mpunga ulilisha askari, bunduki zikafungua njia ya pwani, na mwaka 1824 akaitwaa Mahajanga, bandari ya Boina. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1828, Waantandroy na Wamahafaly wa kusini walikuwa bado hawajamtii.