Germani ya Lubumbashi na Ufundi wa Lenzi

Kazi ya fundi wa lenzi za miwani hufuata cheti cha daktari wa macho, ambacho hutaja nguvu ya lenzi kwa dioptri, yaani 1 ikigawanywa kwa urefu wa fokasi katika mita, kipimo kilichopewa jina hilo na daktari Mfaransa Ferdinand Monoyer mwaka 1872. Asiyeona vizuri vitu vya mbali huchongewa lenzi iliyobonyea katikati, na asiyeona vya karibu huchongewa iliyobinuka. Kwa karne nyingi mchongo huo ulifanywa kwa kusugua kioo kwa unga mkali, kisha kukisafisha kwa unga laini mpaka king'ae. Leo mashine yenye ncha ya almasi hukata plastiki ya miwani kwa usahihi mkubwa.

Ncha kama hiyo ndiyo inayochonga lenzi za germani, na hapa ndipo historia ya ufundi huu inapokutana na Lubumbashi, mji wa Kongo. Tanuri la shaba la mji huo, ulioitwa Élisabethville wakati wa ukoloni, lilianza kazi mwaka 1911, na baadaye likapokea mawe ya mgodi wa Kipushi, uliofunguliwa mwaka 1924. Mawe hayo yalikuwa na germani, elementi iliyogunduliwa na Mjerumani Clemens Winkler mwaka 1886, lakini kwa kuwa tanuri lilitafuta shaba, sehemu ya germani ilitupwa pamoja na masazo, ambayo yalirundikana kando ya mji hadi yakawa kilima cheusi kinachoonekana kutoka mbali.

Germani haipitishi mwanga tunaouona, ila hupitisha miale ya joto, na huipinda kwa nguvu, kwani kipeo chake cha kupinda miale ni karibu 4, ilhali cha kioo cha kawaida ni karibu 1.5, ndiyo maana kamera zinazoona joto gizani huitegemea. Ni haki kusema kwamba kilima hicho, kilichodhaniwa kuwa taka tu, ni hazina ya macho ya mashine.

Mwaka 2024 kampuni ya STL, tanzu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, inayochakata masazo hayo, ilianza kuuza germani kwa Umicore ya Ubelgiji, mrithi wa Union Minière iliyoendesha tanuri hilo wakati wa ukoloni; Umicore huisafisha huko Olen na kuiandaa kwa mafundi wa lenzi.