Bingwa Aliyeacha Mbio

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari aliumia goti, akamaliza marathoni akichechemea. Twamsifu hadi leo, na ndivyo ipasavyo. Siku hiyohiyo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa 1960 na 1964, aliacha mbio kwa maumivu ya mguu. Je, huyu alikuwa mwoga? Mwaka 1969 ajali ya gari ilimpoozesha miguu. Mwaka 1970 alishindana kulenga mishale nchini Uingereza, akiwa katika kiti cha magurudumu. Basi kijana aumiapo uwanjani Kamarampaka, hapa Rusizi, tusimwite legelege. Goti hutibiwa hospitalini; moyo uliovunjwa na kejeli zetu utatibiwa na nani? Tumjulie hali, tumkaribishe mazoezini hata kabla hajaweza kucheza.