Jiwe Halitembei Lenyewe

Ukitoka Umwe, pale Ikwiriri, ukashuka bondeni kuelekea delta ya Rufiji, utakanyaga tope na mchanga kutwa nzima. Mawe ni adimu. Basi jembe likigonga kipande cha jiwe chenye makali, swali la kwanza ni: kimefikaje hapa?

Mto huleta kokoto, lakini mto hulainisha. Jiwe lililopasuliwa na mtu hubaki na ukingo mkali, na kile kipande kilichobanduka huwa na uvimbe mdogo pale kilipogongwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale hutazama pia takataka. Wakikuta vibanzi vingi, wanajua watu walikaa wakachonga. Wakikuta zana chache zilizochakaa, bila vibanzi, hao walikuwa wapita njia, zana zao wamekuja nazo.

Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, kulipatikana zana za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa. Wataalamu walipolinganisha kemia yake na ya miamba mbalimbali, waliona limetoka upande wa Naivasha, Kenya, kiasi cha kilometa 300. Na hapakuwa na punda, sembuse baiskeli! Ama watu walitembea, ama jiwe lilipita mkono kwa mkono, jamaa kwa jamaa.

Sisi wa Pwani tumezoea kuanza historia yetu na majahazi, kana kwamba kabla yake nchi ilikuwa tupu. Siafiki. Hata zile shanga za kioo cha Kirumi kutoka Mkukutu, Kibiti, alizozitangaza mwanaakiolojia Felix Chami mwaka 1999, ni mambo ya juzi. Katika pango la Kuumbi, Unguja, watu waliacha zana za mawe kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya pundamilia. Pundamilia hakupanda ngalawa. Wakati huo bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya meta 100, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Barafu za kaskazini zilipoyeyuka maji yakapanda, na tope la delta ya leo likatandazwa baadaye. Kwa hiyo makambi ya pwani ya zamani yamefunikwa na maji au yamezikwa na tope.

Ndiyo maana mimi ningeanza kutafuta kwenye miinuko ya Umwe na Kibiti. Mrufiji analima mpunga bondeni, na msimu ukifika hukaa kwenye dungu akiamia ndege na kufukuza nguruwe. Nyumba yake iko juu. Atakayechimba penye dungu peke yake ataandika kwamba mtu huyu hakuwa na nyumba. Mwindaji wa kale naye alikuwa na sababu zake za kuwa na makao mawili, bondeni kiangazi na juu wakati wa mafuriko.

Lakini miinuko hiyo ndiyo inayojengwa nyumba na kuchimbwa misingi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua vitu vya namna hii atoe taarifa. Ukiliona jiwe la aina hiyo, liache palepale, ukamwite ofisa mtendaji. Likishawekwa dirishani, hakuna atakayejua lilikuwa kwenye kina gani, wala lililala pamoja na nini.