Kola Iliyokatwa kwa Mkasi

Mwaka 1827, mjini Troy katika jimbo la New York, Hannah Lord Montague alishika mkasi akazikata kola za mashati ya mumewe. Alikuwa amechoka kufua shati zima kwa sababu ya uchafu wa shingoni. Tangu hapo akawa anafua kola peke yake, anaipiga pasi, kisha anaifunga tena mahali pake. Ndivyo watu wa Troy wanavyosimulia mwanzo wa kola ya kuvuliwa. Hata kama hadithi imetiwa chumvi kidogo, biashara iliyofuata haina shaka.

Miaka miwili baadaye Ebenezer Brown, mhubiri mstaafu wa Kimethodisti aliyegeuka mwenye duka, alianza kuuza kola hizo. Wanawake walizishona majumbani, naye akawalipa kwa bidhaa za dukani mwake. Viwanda vikafuata, na Troy ikapewa jina la Mji wa Kola.

Kushona hakukuwa sehemu ngumu kuliko zote. Ugumu wa kola ulitoka kwa dobi. Kola mpya ilifuliwa, ikatiwa wanga na kupigwa pasi kabla haijafika dukani, na kazi hiyo ilifanywa na wanawake, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Ireland, waliosimama saa 12 na zaidi kwa siku kati ya maji yanayochemka na pasi za moto. Zilipoletwa mashine za kutia wanga, kazi ilienda kasi lakini mikono ikazidi kuungua. Februari 1864 Kate Mullany, msichana wa miaka kama 19, aliongoza wafuaji wapatao 300 katika mgomo. Haikupita wiki nyingi, waajiri wakakubali kuongeza ujira kwa asilimia 25. Nyumba aliyoishi Troy leo inahifadhiwa na taifa.

Kiswahili kina neno lake la zamani kwa kola: ukosi, neno lilelile linalotaja sehemu ya nyuma ya shingo. Na wanga si mgeni Afrika Mashariki pia. Aliyewahi kuchovya shati la shule kwenye uji mwembamba wa muhogo anajua lilivyokauka likasimama kama ubao, na jinsi kola yake ilivyokwaruza shingo mpaka saa ya kutoka.

Tukirudi Marekani, wanawake hawakubaki wafuaji wa kola tu, bali walizivaa pia. Miaka ya 1890 blauzi iliyofanana na shati la kiume ilienea Marekani, na pamoja nayo ikaja ile kola ngumu iliyobana koo. Nafuu ilitoka jukwaani: mwaka 1905 Maude Adams aliigiza Peter Pan mjini New York, na kola pana ya mviringo inayolala mabegani ikabeba jina la mhusika huyo hadi leo. Kola hiyo haina ule ukanda wa kusimama shingoni, kwa hiyo anayeshona nyumbani anaepuka kazi inayowatoa jasho wengi kuliko zote. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawazoeza wanaume mashati ya kola laini iliyoshonewa kwenye shati lenyewe, na viwanda vya Troy vikaanza kukosa wateja.

Hata kola laini inahitaji kitu cha kuikaza katikati. Kwa miaka mingi mafundi walitumia turubai, kitani au nywele za farasi zilizofumwa, wakizishikiza kwa mkono, mshono baada ya mshono. Jibu jepesi lilitoka kwa watengeneza ngozi. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ilikuwa ikitafuta ngozi ya bandia katika miaka ya 1930 ikapata njia ya kugandisha nyuzi bila kuzifuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948, ikaanza kuuza kitambaa cha kukazia nguo kiitwacho Vlieseline. Kwa kuwa hakikufumwa, hakichomoki nyuzi pembeni, na hata vipande vidogo ambavyo vingetupwa vinatosha kutengeneza kola. Baadaye upande mmoja ukapakwa vitone vya gundi vinavyoyeyuka kwa pasi. Mshono wa mkono ukawa umepata mbadala wa sekunde chache.

Lakini gundi hiyo ina mtego wake, nao upo kwenye maji. Pamba ikirudi baada ya kufuliwa na kitambaa cha gundi kisirudi, kola huvimba malengelenge ambayo hakuna pasi inayoyatoa. Kwa hiyo fua kitambaa cha blauzi kabla ya kukikata. Gandisha kipande cha majaribio kwanza. Kata kitambaa cha gundi bila sehemu ya mshono, ili kingo za kola zisiwe nene. Na pasi ikandamize mahali pamoja, inyanyuliwe, ihamishwe. Ukiiburuta, kola itapinda kabla hata cherehani haijaigusa.