Reli Iliyoipita Handeni

Kabla ya reli, Handeni haikuwa pembeni. Misafara ya pembe ilipita nchi ya Wazigua ikishuka Pangani na Saadani, na mtaji wake, vitambaa na shanga kwa mkopo, ulitoka Unguja kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Aliyekopesha alitaka pembe, na pembe zilikuwa bara, njia ikamfuata.

Wajerumani walikuwa na hesabu nyingine. Kampuni ya reli iliyoundwa mwaka 1891 kwa fedha za wanahisa ilianza kutandika vyuma Tanga mwaka 1893. Ilipofika Muheza mwaka 1896, kama kilomita 40 tu, mfuko ulikuwa umekauka. Mwenye hisa hangoji miaka 20 apate faida! Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua reli, na kwa fedha ya umma ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Ilishika bonde la mto Pangani, kwa sababu juu ya Usambara walowezi walikuwa na kahawa, na bondeni yakaenea mashamba ya katani, zao ambalo Richard Hindorf alilileta mwaka uleule wa 1893. Handeni, ng'ambo ya mto, haikuwa na kitu ambacho mlipaji alikitaka, isipokuwa watu. Vijana wake wakatembea kwenda kukata mkonge.

Uhuru haukuisogeza reli. Mwaka 1963 njia mpya iliunganisha Mnyusi, wilayani Korogwe, na Ruvu katika Reli ya Kati. Mji wa Handeni ukabaki tena upande wa magharibi. Lami kutoka Korogwe iliufikia zaidi ya miaka 100 baada ya garimoshi la kwanza kuingia Korogwe.

Bandari ya Tanga yenyewe ilisubiri pia. Kwa miongo mingi meli zilitia nanga nje, shehena ikishushwa kwa matishari, hata makontena. Mradi ulioanza mwaka 2019, wa shilingi bilioni 429.1, ulichimba kina hadi mita 13 na kujenga gati la mita 450, na meli zikaweza kufunga ukutani. Gati la namna hiyo linahitaji shehena ya mbali. Ndipo barabara ya Handeni, Kiberashi, Kibaya hadi Singida ilipopata uzito mezani kwa wenye bajeti. Inajengwa kwa vipande vya kilomita 20 au 30, kadiri Hazina inavyotoa.