Shahidi wa Nini? Imani, Dogma na Udugu katika Mwambao wa Rumonge, 1879–2019

Historia ya Kanisa Katoliki nchini Burundi aghalabu huanza kusimuliwa kutoka bara, katika vituo vya Muyaga (1898) na Mugera (1899). Hata hivyo, jaribio la kwanza lilifanyika ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, Rumonge, takriban kilomita 70 kusini mwa mji wa sasa wa Bujumbura. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walifungua kituo mahali hapo. Tarehe 4 Mei 1881, mapadre Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao mlei, d'Hoop, waliuawa katika mzozo na majirani zao Wabikari, mzozo uliomhusu mtoto aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni. Kituo kikafungwa. Tukio hilo liliacha swali ambalo lingerejea katika eneo hilohilo zaidi ya miaka mia moja baadaye: Mkristo anapouawa kwa sababu ya binadamu mwenzake, wala si kwa sababu ya kanuni ya imani, anakuwa shahidi wa nini?

Kiswahili chenyewe kinalichochea swali hilo. Neno *shahidi*, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana mbili: mtu anayetoa ushahidi wa jambo aliloliona na mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Neno la Kigiriki *martys* lilipitia njia iyo hiyo. Katika mwambao wa Rumonge, ambako Waislamu na Wakristo wameishi pamoja kwa vizazi vingi, neno hilo si mali ya dini moja. Teolojia ya Kikatoliki, kwa upande wake, iliweka kipimo chembamba zaidi: ili mtu atambuliwe kuwa shahidi, sharti muuaji awe amesukumwa na chuki dhidi ya imani.

Kipimo hicho kilikabiliwa na mtihani mgumu katika karne ya 20. Tarehe 30 Septemba 1995, mapadre Waksaveri Ottorino Maule na Aldo Marchiol, pamoja na mlei Catina Gubert, wote kutoka Italia, waliuawa katika parokia ya Buyengero, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Rumonge. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, katika mkoa wa Bururi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wakakataa. Arobaini kati yao waliuawa. Hakuna aliyewaamuru wamkane Kristo; walichoamriwa ni kumkana mwenzao wa bweni.

Hapo ndipo dogma ilipogota. Burundi ni nchi ambayo wengi wa wananchi wake ni wabatizwa, na damu nyingi iliyomwagika katika vita vyake ilimwagwa na watu waliojua kusali. Iwapo chuki dhidi ya imani ina maana ya kuyachukia mafundisho tu, vijana wa Buta wangebaki wahanga wa siasa. Swali kama hilo lilizuka kuhusu Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador, aliyeuawa mwaka 1980 katika nchi ya Kikatoliki. Mwaka 2015 Roma ilimtambua kuwa shahidi wa imani, na kwa kufanya hivyo ikakubali kwamba kuichukia haki inayotokana na imani ni kuichukia imani yenyewe. Nchini Burundi, mwaka 2019, Kanisa lilianzisha rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri watu wa Buyengero, vijana wa Buta na padre Michel Kayoya, likiwaita mashahidi wa udugu.

Kuwekwa kwa Kayoya katika orodha hiyo kunafafanua chimbuko la fikra hii. Katika kitabu chake *Sur les traces de mon père* cha mwaka 1968, mshairi huyo anaitafuta busara ya wazazi wake wa Kirundi kama ardhi ambayo Mkristo wa Kiafrika anaweza kusimama juu yake bila kuazima utu kutoka Ulaya. Kwake utu unatangulia maneno ya kuueleza. Aliuawa Gitega mwezi Mei 1972.

Wapo watakaohofia kwamba kuhamisha kipimo kutoka kwenye kukiri hadi kwenye kutenda kunaligeuza Kanisa kuwa shirika la kutetea haki tu. Hofu hiyo ina msingi, lakini mfano wa Buta hauithibitishi. Vijana wale walikuwa waseminari, waliolelewa katika sala na mafundisho. Hawakuyatupa mafundisho hayo. Waliyasoma kupitia uso wa mwenzao. Imani isiyofungwa na dogma, kwa maana hii, si imani isiyo na mafundisho bali ni imani inayokubali mafundisho yake yapimwe kwa jinsi jirani anavyotendewa.

Kwa washauri wa sera, jambo hili lina uzito wa moja kwa moja. Mauaji ya mwaka 1972 yalianzia Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili, ambako Watutsi wengi waliuawa na waasi. Kisha dola ikalipiza kisasi nchini kote kwa kuwaua Wahutu, Kayoya akiwa mmoja wao. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ilirithi kumbukumbu ambazo kila upande huzihesabu peke yake. Orodha ya mashahidi wa udugu inamweka Mhutu aliyeuawa mwaka 1972 pamoja na wageni watatu na vijana wa makabila yote mawili, kiasi kwamba hakuna upande unaoweza kuidai kuwa yake. Orodha hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya mahakama wala ya tume, na wengi waliokufa ufuoni hawatatajwa kamwe altareni. Lakini inaonyesha kwamba inawezekana kuwaomboleza wafu bila kuwatenganisha tena. Ndiyo maana maana ya kwanza ya neno *shahidi* isisahauliwe: kabla ya kuwa mtu wa kuheshimiwa, shahidi ni mtu wa kusikilizwa.